Bomba Linapoacha Kutoa Maji: Jinsi ya Kutafuta Kosa

Katika msimu wa kahawa, kazi yote ya kumenya katika vyama vingi vya msingi hutegemea bomba moja au mawili. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi haina budi kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya magunia huanza kuchacha na ladha yake huharibika. Daraja likishuka, bei nayo hushuka, na hasara humwangukia mwanachama. Nyumbani nako, bomba likikauka, watu hurudi mtoni na ndoo vichwani. Hata hivyo, mara nyingi kosa lenyewe ni dogo, na laweza kupatikana kabla ya kumwita fundi, mradi litafutwe kwa utaratibu.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba maji ya tangi husukumwa na kimo chake. Tangi ambalo maji yake yako mita 2 juu ya bomba lina msukumo wa sehemu moja tu ya tano ya lile lililo mita 10 juu. Kwa hiyo pale penye tangi la chini, hata kizuizi kidogo hutosha kuyasimamisha maji.

1. Ni bomba moja au yote? Yafunguliwe mabomba mengine. Ikiwa moja tu ndilo kavu, kosa limo katika koki yake au katika tawi la bomba liendalo huko. Zipo koki ambazo kipande chake chenye mpira hakikushikamana na mpini, bali huinuliwa na maji. Mpira ukiganda, mpini huzunguka lakini maji hayatoki. Maji yafungwe kwanza, koki ifunguliwe kwa spana, isafishwe, na mpira ubadilishwe. Chujio la mdomoni nalo lisafishwe.

2. Jirani ana maji? Kama hana, kosa liko katika njia kuu, na taarifa ipelekwe kwa chombo kinachotoa huduma ya maji. Mabomba yote yafungwe wakati wa kungoja, kwani bomba lililosahauliwa wazi hufurika usiku maji yanaporudi. Kama jirani anayo, itazamwe koki kuu iliyo karibu na mita. Huenda ilifungwa na mtu, au kilango chake cha ndani kimekatika na kubaki chini, ingawa mpini unazunguka.

3. Tangi lina maji? Likiwa tupu hali maji ya njia kuu yapo, boya limekwama na kuufunga mlango wa kuingizia maji. Liinuliwe na kushushwa kwa mkono mpaka liwe jepesi. Likiwa limejaa na bomba ni kavu, huenda tope limeziba tundu la kutokea. Tundu hilo hufaa liwe sentimita chache juu ya sakafu ya tangi, ili tope libaki chini. Mtu asiingie ndani ya tangi lililofunikwa akiwa peke yake, kwa kuwa hewa yake yaweza kuwa mbaya.

4. Je, hewa imenasa? Kosa hili hutokea mara kwa mara baada ya tangi kukauka na kujazwa tena. Bomba likipanda na kushuka njiani, hewa hubaki kwenye mgongo wake na kuyazuia maji yenye msukumo mdogo. Dalili yake ni bomba kukohoa, kutoa maji kidogo, kisha kunyamaza. Lifunguliwe bomba la chini kuliko yote, liachwe wazi mpaka maji yatiririke bila kukatika. Hali ikijirudia, kiungo cha juu kilegezwe ili hewa itoke, na baadaye bomba lilazwe upya kwa mteremko mmoja.

5. Je, maji yalipungua pole pole? Maji yaliyopungua kwa miezi mingi huonyesha kutu ndani ya bomba la chuma, au bomba linalovuja chini ya ardhi. Ili kujua, mabomba yote yafungwe jioni na mita isomwe. Isomwe tena asubuhi. Kama namba zimesogea na hakuna aliyetumia maji, yapo mavujo. Sehemu yenye unyevu au majani mabichi wakati wa kiangazi huonyesha mahali pa kuchimba.

Kazi iliyo upande wa njia kuu, kabla ya mita, si ya mwanachama wala ya chama. Mwenye mamlaka nayo ni mtoa huduma. Penye pampu ya umeme, swichi izimwe kabla ya kugusa kitu chochote.

Katibu wa chama aweza kuzuia usumbufu mwingi kwa daftari dogo. Kila mwezi upimwe muda wa kujaza ndoo ya lita 20 katika bomba la mtamboni na kuandikwa. Ndoo iliyojaa kwa dakika 2 ikianza kuchukua dakika 4, maji yamepungua nusu, na kamati ina nafasi ya kutengeneza kabla ya mavuno. Spana, mipira ya koki na koki moja ya akiba vihifadhiwe ghalani, na tangi lisafishwe kabla ya msimu kuanza. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko hasara ya kahawa iliyochacha ikingoja maji.