Juu ya Barafu Hakuna Nafasi ya Kuwaza

Mwezi wa Desemba, katika jiji la Ottawa, jua huzama mnamo saa kumi na dakika ishirini jioni. Kwetu Tanga huo ni wakati ambao watoto wanatoka madrasa na muuza mihogo ndiyo kwanza anapepea jiko lake. Huku Kanada, saa hiyo taa za barabarani zimekwisha kuwaka, na mtu aliyeingia kazini kukiwa giza anatoka kukiwa giza. Akiwa na bahati, jua ameliona dirishani wakati wa chakula cha mchana.

Majira yangu ya kwanza ya baridi niliyamudu kwa sababu ya ugeni. Kila kitu kilikuwa cha kupiga picha. Ya pili ndiyo yaliyonikalia kifuani. Sikuwa nalia, wala sikuwa na msiba. Nilikuwa nalala usiku kucha na kuamka nimechoka, nakula wali na vitu vitamu bila kushiba, simu za nyumbani naziacha ziite hadi zikate. Mama akadhani nimeingiwa na maringo ya ughaibuni. Mimi nikadhani nimepungukiwa imani. Daktari ndiye aliyelipa jambo hilo jina: sonona, ya aina inayokuja na majira.

Aliyeisaidia dunia kuitambua sonona hiyo alitoka bara letu. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Afrika Kusini, alihama kutoka Johannesburg kwenda New York mwaka 1976, na huko akaona jinsi nguvu zake zilivyopungua siku zilipofupika, kisha zikarudi siku ziliporefuka. Mwaka 1984, akiwa na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alichapisha maelezo ya ugonjwa huo na jinsi mwanga mkali unavyoweza kuutuliza. Ndiyo maana leo maduka ya dawa ya nchi za baridi yanauza taa za mwanga wa lux 10,000, ambazo mgonjwa hukaa mbele yake kwa nusu saa hivi kila asubuhi.

Taa nilipewa, na miadi ya kuzungumza na mshauri nikapewa. Lakini mshauri aliongeza kazi ya nyumbani iliyonishangaza. Nitafute jambo moja la kufanya nje, mchana, pamoja na watu, nilipangie siku na saa, na saa ikifika nisijiulize kama najisikia kwenda. Kanuni hiyo ina historia yake. Tangu miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn na waliomfuata wameeleza kwamba mwenye sonona huacha moja baada ya jingine mambo yaliyokuwa yakimpa raha, na kadiri anavyoyaacha ndivyo anavyozidi kuzama. Hivyo tiba huanzia kwenye kutenda, moyo ufuate nyuma. Hamu ndiyo iliyougua. Ukiisubiri ikuongoze njia, utasubiri hadi masika.

Jambo langu likajileta lenyewe. Nyuma ya nyumba zetu kuna bustani ambayo kila Januari hugeuzwa uwanja wa barafu wa kutelezea. Ottawa ina viwanja vingi vya aina hiyo, vinavyotunzwa na wakazi wa mtaa kwa kujitolea. Usiku baridi inapokaza, wanashika mpira wa maji na kumwagia ardhi, tabaka moja ligande ndipo limwagwe jingine, kama fundi anayepiga lipu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa mmoja wao. Siku moja tukakutana ngazini.

“Dada, Jumapili saa nane mchana. Mke wangu ana viatu vya mtumba vya kukutosha.”

“Kaka, mimi hata kwenye tope sijui kutembea.”

“Kwani nani anatembea? Wewe njoo usukume kreti.”

Kreti ni ya maziwa, ya plastiki. Unaipindua, unaishika kwa mikono miwili na kuisukuma mbele yako, kama mtoto anayejifunza kusimama kwa kigari cha mbao. Pembeni yangu alikuwa mtoto wa miaka minne na kreti yake. Alinipita.

Mimi barafu niliyoijua utotoni ni ile ya ukwaju na ubuyu iliyogandishwa kwenye mfuko wa nailoni, unang'ata kona na kufyonza. Sasa ilinibidi nijifunze kusimama juu yake kwa chuma chenye upana wa milimita nne hivi. Tena chuma hicho chini si bapa. Kimechongwa kijifereji katikati, kwa hiyo kila mguu una kingo mbili, ya ndani na ya nje. Ukisimama wima juu ya zote mbili, unakwenda moja kwa moja. Ukiinamisha kifundo kidogo, ukingo mmoja unauma barafu nawe unapinda. Husukumi nyuma kama mtembea kwa miguu, unasukuma pembeni. Magoti yakinyooka, umekwisha. Ukitazama vidole vyako, umekwisha vilevile.

Hebu sasa jaribu kufanya yote hayo huku unawaza kwa nini maisha yako hayana maana. Haiwezekani, na nadhani hapo ndipo siri ilipo. Sonona hulishwa na mawazo yanayocheuliwa kama ng'ombe anavyocheua majani: jambo lilelile linapanda, linatafunwa, linashuka, linapanda tena. Kwenye mashine ya kukimbilia niliweza kukimbia nusu saa nzima huku nacheua. Barafu haina uvumilivu huo. Ukiondoka kimawazo sekunde mbili, inakukumbusha kwa makalio. Jumapili ile ya kwanza nilikaa uwanjani dakika arobaini, na nilipokuwa navua viatu nikagundua kwamba kwa dakika arobaini sikuwa nimejihukumu kwa lolote. Sikuwa na furaha. Nilikuwa nimepumzika tu, na hilo lilikuwa limenipotea kwa miezi.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wahenga hawakuvaa viatu vile. Pale uwanjani somo la kwanza ni kuanguka. Ukihisi unakwenda, usipigane. Kunja magoti, jishushe, lalia upande wa paja, kisha kunja ngumi na uzirudishe kifuani asije mtu akapita juu ya vidole vyako. Kuinuka nako kuna utaratibu: piga magoti, weka mguu mmoja mbele, mikono juu ya goti, inuka. Jirani yangu aliniangusha makusudi mara sita, mkewe akicheka hadi machozi. Mtu mwenye sonona kila kosa lake hulifanya hukumu. Pale nilianguka mara sita, na kila anguko lilichukua sekunde kumi kurekebishwa.

Je, sayansi inasema nini? Kuhusu mazoezi kwa jumla, inasema mengi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na James Blumenthal, walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 wa sonona wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, jingine likapewa dawa ya sertraline, la tatu likapata vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayolingana, ingawa dawa ilitangulia kuleta unafuu. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ likachapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000: kutembea, kukimbia polepole, yoga, kunyanyua vyuma na kucheza dansi vyote vilipunguza dalili. Kuteleza kwenye barafu ni ndugu wa karibu wa dansi. Kuna miguu, kuna mizani ya mwili, mara nyingi kuna muziki, na daima kuna watu. Ukiteleza nje mchana, unaongezewa mwanga, kwani hata siku ya mawingu mwanga wa nje unaushinda wa sebuleni mara nyingi.

Lakini tusiipe barafu sifa isiyo yake. Gracie Gold, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa taifa lake wa kuteleza kwenye barafu mwaka 2014 na 2016 na kushinda medali ya shaba ya timu kwenye Olimpiki ya Sochi, aliishi juu ya barafu tangu utotoni. Mwaka 2017 alisimamisha mashindano ili kutibiwa sonona, wasiwasi na ugonjwa wa kula. Barafu ilikuwa ileile, ila kwake kila kuanguka kulihesabiwa pointi, mwili ulipimwa kwa macho ya watu, na thamani yake ikategemea nambari za majaji. Aliporudi kwenye ubingwa wa taifa mwaka 2020 alishika nafasi ya 12, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Dawa, basi, haimo kwenye barafu. Imo katika kile unachokwenda kukitafuta.

Na mara nyingi kinachotafutwa ni watu. Jijini Nairobi, uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005 katika jengo la Panari, Barabara ya Mombasa, ndiko ilikozaliwa Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Kwa muda mrefu haikuwa na timu nyingine ya kupambana nayo nchini, hivyo wachezaji walijigawa wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo waliendelea kukutana, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Ukiwa na watu wanaokusubiri saa fulani mahali fulani, udogo wa uwanja si hoja.

Nisieleweke vibaya. Kuna sonona ambayo mtu hawezi kuinuka hata kwenda kuoga; kumwambia huyo akateleze ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbie. Huyo anahitaji daktari kwanza, na aliyeanza kufikiria kujiua anahitaji msaada saa hiyohiyo. Kanada na Marekani namba ya kupiga ni 988. Anayetumia dawa zinazoleta kizunguzungu amuulize daktari kabla ya kuvaa viatu, na anayeanza avae kofia ngumu na kinga za viganja, maana mkono wa mwanzilishi ndio hukimbilia kutangulia chini. Mimi mwenyewe taa sikuiacha, wala miadi ya mshauri.

Majira yaliyofuata nilihitimu kutoka kreti hadi Mfereji wa Rideau. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1832 kwa ajili ya vyombo vya majini. Januari 1971 wafanyakazi walio na mabeleshi na mafagio wakausafisha kwa mara ya kwanza ili watu wateleze juu yake, na leo njia hiyo ina urefu wa kilomita 7.8 katikati ya jiji. Haina kiingilio. Barafu ikifikia unene wa sentimita 30 hivi inafunguliwa, na utawaona makarani na mikoba yao wakielekea ofisini kwa kuteleza, na vibanda vinavyouza maandazi bapa ya sukari na mdalasini. Nilifika mwisho wa njia nikiwa hoi, nikala andazi langu nimesimama, nikampigia mama simu. Alisikia chuma kikikwaruza, akauliza kama niko gereji.

Kisha yakaja majira ya 2022 hadi 2023. Joto halikushuka vya kutosha, bendera nyekundu za kukataza kuteleza zikabaki juu mfululizo, na mfereji haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1971. Kiwanja chetu cha mtaani nacho kilikuwa dimbwi. Jumapili moja nikajilaza, pazia nimelifunga, nikiwa na sababu nzuri kabisa ya kutotoka.

Saa nane kamili mlango ukagongwa.

“Kaka, barafu hakuna,” nilisema nikiwa ndani.

“Najua. Vaa viatu vya kawaida, mama watoto anatungoja chini.”