Chemsha Maziwa ya Mbuzi Wako

Familia nyingi vijijini zinafuga mbuzi wa maziwa. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe waliletwa katika miaka ya 1980, na wakulima wakawapokea vizuri. Mbuzi hahitaji eneo kubwa. Hula majani ya kukatiwa, hubeba mimba kwa miezi 5 tu, na maziwa yake huujenga mwili. Mbuzi wawili au watatu ni hazina ya nyumba.

Lakini hazina hiyo hiyo yaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Baba mmoja alifika katika zahanati yetu akiwa na homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilimpa dawa ya kutuliza maumivu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili alirudi amekonda. Kiuno na magoti vilimuuma, na usiku alitoka jasho mpaka shuka ikalowa. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ilinipasa kuuliza siku ya kwanza: "Mzee, nyumbani mnafuga nini?"

"Mbuzi watatu," akajibu. "Wawili walitupa mimba."

"Na maziwa yao mnayachemsha?"

"Hapana, daktari. Tunayanywa yakiwa bado na joto la kiwele."

Nilimpeleka hospitali. Damu ilipimwa, akaonekana ana bruselosi. Alimeza dawa kwa wiki 6, na shamba lake msimu ule halikupaliliwa.

BRUSELOSI NI NINI?

Ni ugonjwa wa wanyama unaoambukiza watu. Mwaka 1887 daktari David Bruce alitangaza kwamba amepata vijidudu vyake, katika kisiwa cha Malta, ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Mwaka 1905 daktari wa huko, Themistocles Zammit, aligundua kuwa mbuzi ndio waliobeba vijidudu hivyo. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ile ikapungua sana miongoni mwao.

Jambo la hatari ni hili: mbuzi mgonjwa aweza kuonekana mzima kabisa. Hutupa mimba mara moja, halafu safari nyingine huzaa vizuri. Mwenye mbuzi hufikiri ugonjwa umekwisha, kumbe vijidudu vingali vinatoka katika maziwa.

Dalili kwa mtu ni homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu na kukosa hamu ya kula. Wanaume wengine huvimba korodani.

FANYA HAYA

1. Chemsha maziwa yote mpaka yatokote na kupanda. Yafunike, uyaweke katika chombo safi. Wengine husema maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu. Si kweli. Sehemu kubwa ya chakula kilichomo hubaki.

2. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza, kisha gandisha. Uchachu peke yake hauui vijidudu vyote.

3. Mbuzi akizaa au akitupa mimba, usishike uchafu kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka. Kondo la nyuma na mimba iliyotupwa vichomwe moto au vifukiwe kwenye shimo refu. Usimpe mbwa. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo.

4. Mbuzi akitupa mimba, mtenge na wenzake, kisha mwite afisa mifugo ampime damu. Usimpeleke mnadani ukamwuzie jirani ugonjwa.

5. Mbuzi mpya apimwe kabla ya kuchanganywa na wengine.

6. Mbuzi akitibiwa, mwulize afisa mifugo siku ngapi maziwa yake yasinywewe.

NENO KWA AKINA MAMA

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Maziwa ya mbuzi, hata yakichemshwa, hayafai kuchukua nafasi yake. Yana foleti kidogo mno. Foleti ni vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya mbuzi tu huweza kupungukiwa damu.

Ndugu msomaji, ukiwa na homa isiyokwisha, nenda zahanati mapema. Usingoje kuulizwa. Mwambie mganga mara moja kwamba unafuga mbuzi, na kama wametupa mimba. Ukipewa dawa za bruselosi, zimalize zote hata kama umepata nafuu wiki ya kwanza. Ukiziacha njiani, homa hurudi.

Jioni ya leo, kabla ya kuwagawia watoto maziwa, tia kuni jikoni. Maziwa yatokote kwanza.