Mchezo wa Puli na Elimu ya Chuo

Wenzangu huniuliza: mcheza puli, mchezo ule wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, ana haja gani na chuo? Nao humtaja Efren Reyes wa Ufilipino. Bwana huyu alikulia Manila katika nyumba ya puli ya jamaa yake, akilala juu ya meza, wala hakupita chuoni. Lakini mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa dunia huko Cardiff.

Sasa mtazameni Coriolis, mwalimu wa chuo huko Paris. Mwaka 1835 alitoa kitabu kizima juu ya biliadi, akieleza kwa hesabu jinsi mpira uzungukavyo na kupinda njia ukigongwa pembeni. Mambo yayo hayo Reyes aliyajua kwa jicho na mkono. Basi nakiri ya kuwa chuo hakimfunzi mtu kutumbukiza mpira shimoni.

Shida iko katika fedha. Mcheza puli hana mshahara, hula zawadi. Na zawadi kubwa huenda kwa wachache, hali nauli na malazi hulipwa na wote. Hata Willie Mosconi wa Marekani, aliyetumbukiza mipira 526 mfululizo mwaka 1954, alilipwa na kampuni ya vifaa vya puli ili azunguke mijini akionyesha ufundi wake. Kazi kama hiyo huja na mkataba, na mkataba wamtaka mtu ajuaye kusoma hata yale maandishi madogo ya chini.

Mimi nimekwisha jaza fomu ya kuomba nafasi chuoni. Fimbo yangu sijaiuza.