Kujaribu Gari Dogo Kabla ya Chama Kulinunua

Chama cha msingi kinaponunua gari, hulinunua kwa makato ya wakulima. Ichukuliwe kwamba chama cha wakulima wa kahawa hukata shilingi 50 katika kila kilo, na kwamba gari dogo lililokwisha kutumika Japani linauzwa kwa shilingi milioni 15. Gari hilo ni makato ya kilo 300,000 za kahawa, yaani magunia 5,000 ya kilo 60. Hata hivyo, uamuzi wa kutumia fedha zote hizo aghalabu hufanywa ndani ya chumba cha mikutano, kwa kutazama picha, rangi na mwaka wa kutengenezwa, na pengine kwa sababu mjumbe mmoja anaye shemeji mwenye gari kama hilo. Mbuzi wa mnadani hupapaswa mgongo na kutazamwa meno kabla ya kulipiwa. Gari la milioni 15 huzungushwa mara moja katika uwanja wa muuzaji, juu ya zege, likiwa halina mzigo wowote ndani.

Sehemu kubwa ya makosa hutokana na kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: je, aina hii ya gari inafaa kwa kazi na njia za chama? Swali la pili: je, gari hili moja, lililosimama hapa, ni zima? Muuzaji anaweza kusaidia katika swali la pili tu. La kwanza halina jibu katika uwanja wake, na wala halihitaji gari lake. Gari lolote la aina ile ile, lenye injini na gia zile zile, litatoa jibu: gari la mwalimu wa jirani, la mwanachama, au teksi iliyokodiwa kwa siku moja. Kamati nyingi hudhani kwamba haziwezi kufanya jaribio la kweli kwa kuwa muuzaji amekataa gari lake lisipandishwe mlimani. Muuzaji huyo ana haki ya kukataa, lakini kukataa kwake hakuzuii chochote.

Kazi ya gari

Kabla ya kutazama gari lolote, hapana budi kamati iandike kazi zitakazofanywa kwa mwezi mmoja wa kawaida na kwa mwezi mmoja wa msimu. Mhasibu huenda benki mara ngapi? Bwana shamba hufika vijiji vingapi? Ni watu wangapi hupanda kwa pamoja, na ni vitu gani hubebwa: mizani, kipima unyevu, magunia matupu, madawa? Orodha hiyo ikionyesha kwamba magunia yaliyojaa yatabebwa kila siku, basi mazungumzo ya gari dogo yakome hapo, chama kitafute pikapu au kiendelee kukodi lori. Gari dogo linalofanywa lori halidumu. Ikiwa kazi ni ya mtu mmoja na mkoba, pengine pikipiki yatosha.

Baada ya hapo ndipo magari mawili au matatu huchaguliwa ili yalinganishwe. Katika masoko ya Afrika Mashariki yanayoonekana zaidi ni Toyota Vitz, Passo na IST, pamoja na Honda Fit, Mazda Demio na Suzuki Swift. Kwa mtazamaji yote hufanana, lakini sivyo yalivyo. Passo na Vitz hupatikana zikiwa na injini ya lita 1 yenye silinda 3; IST ina injini ya lita 1.3 au 1.5. Iko pia Suzuki Jimny, inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne na kukaa juu zaidi ya hayo mengine, lakini hubeba watu 4 tu na nafasi yake ya mizigo ni finyu. Toyota Probox haina sura ya kupendeza, nayo ina sakafu pana ya mizigo. Uzuri wa sura ni jambo la mwisho katika daftari la chama, ingawa katika vikao vingi huwa la kwanza.

Jaribio la mlimani

Mfano wa Kilimanjaro unaonyesha jambo hili vizuri. Mji wa Moshi uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 800, na mashamba ya kahawa ya juu hupita mita 1,500. Kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na injini ya petroli isiyo na pampu ya kusukumia hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo injini ya lita 1 ifikapo kwenye vijiji vya juu hufanya kazi kama injini ya lita 0.85. Dereva aliyejaribu gari kwenye lami ya Moshi hadi Himo na kurudi atasema, kwa haki kabisa, kwamba gari ni jepesi na lina nguvu. Hajadanganya, amejaribu gari jingine, kwa maana ya kazi.

Uzito wa abiria nao una kisa chake. Sheria ya Japani huhesabu kila abiria kuwa na kilo 55. Gari la watu 5 lenye uzito mtupu wa kilo 1,000 huandikwa katika hati zake za huko kuwa na uzito wa jumla wa kilo 1,275. Wajumbe watano wa bodi wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 350 kabla ya mikoba, mizani na mkungu wa ndizi ambao hapana budi mmoja wao ataupakia njiani. Gari halitavunjika siku hiyo, bali litakaa chini kuliko lilivyoonekana uwanjani.

Kwa sababu hiyo jaribio lifanywe na mzigo kamili. Ghala la chama lina mifuko ya mbolea ya kilo 50, ambayo uzito wake unajulikana. Mifuko miwili nyuma na watu wanne ndani hutosha. Kwanza gari lipimwe kwa rula kutoka ardhini hadi sehemu yake ya chini kabisa likiwa tupu, kisha lipimwe tena likiwa limejaa, na vipimo vyote viwili viandikwe. Halafu lipandishwe kwenye mteremko mkali kuliko yote ambayo bwana shamba hupita, lisimamishwe katikati, breki ya mkono ivutwe, na baada ya dakika moja liondolewe tena kuelekea juu. Jambo hilo moja hufichua mengi. Breki ya mkono ikishindwa kulishika gari itajulikana. Klachi ikichoka itanuka. Gia za otomatiki zisizo na hatua, zile zinazotumia mkanda wa chuma katika magari mengi madogo ya siku hizi, zitalia au kusitasita ikiwa mzigo unazishinda.

Magurudumu ya mbele yatazamwe pia. Karibu magari yote madogo ya leo huvutwa na magurudumu ya mbele, na mzigo wa nyuma ukiunganika na mwinuko, uzito huyakimbia magurudumu hayo yakaanza kuzunguka bure kwenye tope. Wazee watakumbuka Volkswagen ndogo ya zamani, ambayo injini yake ilikuwa nyuma juu ya magurudumu yenye kusukuma. Gari hilo dogo lilishinda Mashindano ya Safari ya mwaka 1962 mbele ya magari yenye nguvu zaidi, na wepesi wake wa kupita kwenye tope haukuwa wa bahati.

Kushuka ni muhimu kuliko kupanda, ingawa husahauliwa. Gari lishushwe kwa gia ndogo; yenye otomatiki huwa na nafasi ya L, S au B kwa kadiri ya gari. Lenye kushikwa na injini yake vizuri litafika chini breki zikiwa hazijaungua. Lile linalolazimisha dereva akanyage breki njia nzima litatoa harufu, na kikanyagio kitaanza kuzama. Gari la namna hiyo lisikabidhiwe watu wa chama, hata kama bei yake ni nafuu.

Kulinganisha kwa haki

Magari yakilinganishwa, kila kitu kisichokuwa gari kibaki kile kile: njia, siku, dereva, watu na mifuko. Gari moja likijaribiwa kiangazi na jingine baada ya mvua, kilicholinganishwa ni barabara. Kila atakayelitumia gari akae ndani yake, si dereva peke yake. Mhasibu mwenye maumivu ya mgongo na mwenyekiti mwenye magoti mazito wataingia na kutoka mara tatu, na maneno yao yataandikwa kama walivyoyasema.

Mafuta yasipimwe kwa kusoma vitabu vya mtengenezaji. Takwimu hizo hupatikana katika maabara, magurudumu ya gari yakizunguka juu ya magurudumu mengine ya chuma, pasipo tope wala mwinuko. Njia iliyo sahihi ni ya zamani: tangi lijazwe pomoni kwenye pampu moja, gari liendeshwe kilomita 100 au zaidi katika njia za kawaida za chama, kisha lirudishwe kwenye pampu ile ile na kujazwa tena. Kilomita zigawanywe kwa lita zilizoingia. Ichukuliwe kwamba gari moja limepata kilomita 15 kwa lita na jingine 11, na chama husafiri kilomita 1,000 kwa mwezi. La kwanza litatumia lita 67, la pili lita 91. Tofauti kwa mwaka ni lita 290, na kwa miaka mitano ni zaidi ya lita 1,450. Tofauti ya bei ya kununulia ipimwe kando ya lita hizo. Bei za vipuri nazo ziulizwe katika maduka ya mji ulio karibu, hasa shokapu, bushi na viungo vya magurudumu ya mbele, maana ndivyo vinavyokufa kwanza kwenye makorongo.

Gari lenyewe

Aina ikishachaguliwa, ndipo kamati iende kwa muuzaji, ikiongozana na fundi wake yenyewe ambaye hatapata kitu kwa gari hilo kununuliwa. Iende asubuhi na mapema, na fundi aweke mkono juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Boneti ikiwa ya moto, injini imekwisha kuwashwa, na muuzaji aulizwe kwa nini. Injini iliyolala usiku ndiyo husema kweli: moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani.

Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa za tahadhari kwenye dashibodi zote yapasa ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuunguruma. Taa ya injini isiyowaka kabisa si dalili njema; huenda imetolewa ili isiseme. Usukani uzungushwe hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likitembea polepole, na sauti ya kugonga isikilizwe mbele. Matairi yasomwe: tarakimu nne za mwisho katika alama ya utengenezaji huonyesha juma na mwaka, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kilomita za kwenye saa zilinganishwe na hati ya Japani ya kusafirishia gari, na zilinganishwe pia na uchakavu wa kikanyagio cha breki. Saa hurudishwa nyuma. Mpira wa kikanyagio ni vigumu kuurudisha.

Umri wa gari una hesabu zake. Nchini Tanzania ushuru huongezeka kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari. Nchini Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Kamati iombe hati za ushuru uliolipwa kabla ya kutoa malipo ya awali, na gari lisilo na bima lisitolewe barabarani kwa majaribio hata kwa nusu kilomita.

Vipimo vya rula, lita, maneno ya mhasibu na taarifa ya fundi viambatanishwe na muhtasari wa kikao, pamoja na taarifa za magari yaliyokataliwa. Vyama jirani vinaweza pia kukodi magari mawili au matatu siku moja na kufanya jaribio la mlimani kwa pamoja. Mahali penye mvua za masika, jaribio hilo lifanywe kati ya Machi na Mei, njia zikiwa na tope.