Fundi, Soma Alama Kabla ya Kuwasha Mashine

Hivi majuzi kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kitengela, alituletea mchoro. Alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza mnara wa tangi la lita 10,000 upande wa Kajiado. Mchoro wenyewe ulikuwa kopi ya kopi, wa zamani. Alama zingine hakuzielewa, na kwa mwenye kazi aliona haya kuuliza. Tulimpeleka kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, na sisi tukaketi kusikiliza.

Ndugu msomaji, hii si mchezo. Maji lita 10,000 ni tani 10. Mnara ukianguka, walio chini ni akina mama na watoto wanaoteka maji. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Upande gani? Mshale unaonyesha mahali vyuma vinapokutana. Katika michoro ya Kimarekani, alama ikiwa chini ya mstari, chomelea upande unaoguswa na mshale. Ikiwa juu, upande wa pili. Mtindo wa Ulaya una mstari wa pili wa vipande-vipande: alama ikikaa kwenye huo, ni upande wa pili. Kanuni ya kimataifa ISO 2553, tangu toleo la 2013, inakubali mitindo yote miwili. Kwa hivyo kwanza jua mchoro wako ni wa mtindo gani.

Namba inapima nini? Pembetatu ni chomeleo la kona. Herufi *z* ni urefu wa mguu wake, yaani kutoka kona hadi ukingo. Herufi *a* ni unene wake, kutoka kona ya ndani hadi usoni. *a6* inataka mguu wa karibu milimita 8.5. Ukiweka mguu wa 6, unene unabaki 4.2 tu, na umepunguza karibu theluthi ya nguvu. Namba bila herufi usiikisie. Na ukiona 1/4, hiyo ni inchi, kama milimita 6.

Duara. Duara tupu kwenye kona ya mshale ni kuchomelea kuzunguka pote. Katika michoro ya zamani ya Kimarekani, duara jeusi lilimaanisha kuchomelea kule kazi inakosimamishwa. Siku hizi huwekwa bendera. Sasa kopi mbaya inaweza kujaza duara tupu wino! Hapo utafanyaje?

Wengine husema, "Tujaze tu pande zote." Hapana. Moto mwingi hupinda chuma chembamba, na vijiti ni pesa.

Uliza aliyechora. Akikosekana, tafuta mhandisi aliyesajiliwa. Jibu liandikwe juu ya mchoro, na tarehe na sahihi, manake maneno ya mdomo husahaulika.

Kijana wetu alirudi kwa mwenye kazi, akauliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.