Robo Tatu ya Fleti: Umiliki wa Pamoja katika Vijiji vya Wastaafu vya England

Kijiji cha wastaafu nchini England ni mkusanyiko wa fleti au nyumba ndogo zilizojengwa mahali pamoja kwa ajili ya wazee, mara nyingi wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Kila mkazi ana mlango wake, jiko lake na faragha yake. Nje ya mlango huo kuna mgahawa, bustani na ukumbi wa kukutania, na katika vijiji vingi wapo wahudumu wanaoweza kuitwa usiku na mchana. Hartrigg Oaks, kilichofunguliwa mwaka 1998 huko New Earswick karibu na York, ni miongoni mwa vijiji vilivyoanza mapema kuunganisha makazi na matunzo kwa namna hii.

Fleti hizo ni ghali, na mstaafu aliyeuza nyumba yake ya zamani huenda asipate fedha za kununua nzima. Ndiyo maana upo mpango wa umiliki wa pamoja kwa wazee. Mnunuzi hulipia sehemu ya thamani ya fleti, sehemu inayobaki hukaa mikononi mwa mwenye jengo, kwa kawaida chama cha makazi kisicho cha kibiashara, na mnunuzi huilipia kodi ya pango. Katika umiliki wa pamoja wa kawaida mtu anaweza kuongeza sehemu yake hadi akamilishe asilimia 100. Kwa wazee ukomo ni asilimia 75, ila ukomo huo una neema yake: anayefikia asilimia 75 halipi tena kodi ya ile robo iliyobaki.

Chukua mfano wa fleti ya pauni 240,000. Mzee akinunua nusu, atatoa pauni 120,000. Kodi ya nusu ya pili, ikikadiriwa kwa asilimia 2.75 kwa mwaka, ni pauni 3,300, yaani pauni 275 kila mwezi. Akiweza kutoa pauni 180,000, kodi hiyo inafutika kabisa. Mwenye akiba ya kutosha ana sababu nzito ya kufika robo tatu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kodi hupanda kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, na pensheni si lazima ipande nayo sawasawa. Anayeongeza sehemu baadaye hununua kwa thamani ya siku hiyo, iliyopimwa na mthamini, na gharama za mthamini na wakili huwa juu yake.

Mpango huu una masharti. Pato la kaya lisizidi pauni 80,000 kwa mwaka, au 90,000 jijini London, na mwombaji mwenye nyumba nyingine hutakiwa kuiuza. Vijiji vinavyotoa matunzo vinaweza pia kupima mahitaji ya kiafya ya mwombaji kabla ya kumkubali.

Anachopata mnunuzi ni haki ya kukaa kwa mkataba wa upangaji wa miaka mingi. Ardhi na jengo hubaki kwa mwenyewe. Mkataba huo ndio unaoamua nani anatengeneza paa, kama ndugu anaweza kuhamia humo, na kama mbwa au paka anaruhusiwa. Unastahili kusomwa na wakili aliyezoea mikataba ya aina hii, asiye na uhusiano na muuzaji.

Kubwa kuliko yote ni ada ya huduma. Hulipia usafi wa maeneo ya pamoja, lifti, bustani, bima ya jengo, mshahara wa meneja na kengele za dharura. Mwenye robo ya fleti huilipa nzima, sawa na mwenye robo tatu, na kufuta kodi hakuifuti. Inaweza kupanda mwaka hata mwaka. Sheria humpa mkazi haki ya kudai mchanganuo wake na kupinga mbele ya baraza la nyumba kiasi kisicho cha haki. Mnunuzi makini huomba hesabu za miaka kadhaa iliyopita na kuulizia mfuko wa matengenezo makubwa. Matunzo ya mwilini, kama kuogeshwa au kusaidiwa dawa, kwa kawaida hutozwa peke yake.

Mwenye kipato kidogo anaweza kupata ruzuku ya serikali kwa ajili ya kodi na baadhi ya vipengele vya ada ya huduma. Hata hivyo, akiba inayozidi pauni 16,000 huwanyima wengi ruzuku hiyo, isipokuwa wanaopokea nyongeza ya pensheni ya uhakika. Aliyebakiwa na fedha baada ya kuuza nyumba yake apige hesabu hiyo kabla ya kutia saini.

Kutoka nako kuna gharama. Baadhi ya mikataba ina ada inayokatwa fleti inapouzwa, na mwaka 2017 Tume ya Sheria ya England na Wales ilipendekeza kwamba ada za namna hiyo zitajwe wazi mapema, kabla mnunuzi hajajifunga. Chama cha makazi pia huweza kuwa na muda wa kutafuta mnunuzi wake kwanza, na mnunuzi huyo lazima atimize masharti ya umri. Soko huwa jembamba.

Mwenye fleti akifariki, sehemu yake huingia katika mirathi, lakini kodi na ada ya huduma huendelea kudaiwa hadi iuzwe. Warithi wanaoishi mbali, pengine nchi nyingine, wanahitaji kujua hilo mapema, pamoja na jina la wakili na mahali mkataba ulipohifadhiwa.