«Kwa maandishi haya»: namna waandishi wa zamani wa Kiingereza walivyozitaja hati zao



Katika makanisa yetu ya Mashariki mwa Kongo, katibu akiandika barua ya Kifaransa huanza mara nyingi na maneno haya: Par la présente. Tunayaandika kwa mazoea. Lakini hiyo «présente» ni nini? Ni barua yenyewe. Mwandishi anasema: kwa njia ya barua hii, iliyopo mbele ya macho yako, nakujulisha jambo. Barua inajitaja yenyewe.

Kiingereza cha karne za nyuma kilikuwa na mazoea hayohayo, na kwa wingi. Kuyaelewa kunawasaidia wale wanaosoma vitabu vya zamani vya Kiprotestanti. Kunatusaidia pia sisi sote, kwa kuwa kanisa linaishi kwa maandishi: barua ya utambulisho ya mkristo anayehama, PV ya kamati, hati ya kiwanja, waraka wa wachungaji.

«Presents» si zawadi

Hati nyingi za zamani za Kiingereza zinaanza kwa kuwatangazia watu wote wajue jambo fulani «by these presents». Anayejifunza Kiingereza leo hushangaa, kwa sababu neno hilo siku hizi maana yake ni zawadi. Hapa hakuna zawadi. Maneno hayo yametoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa cha mahakama, na maana yake ni «maandishi haya yaliyopo hapa». Yako katika wingi kwa sababu Kilatini kiliita barua moja kwa neno la wingi. Kifaransa nacho bado kinasema par ces présentes.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1620. Wasafiri wa merikebu Mayflower, baadhi yao Waprotestanti walioachana na Kanisa la Uingereza, walifika pwani ya Amerika ya Kaskazini, mahali ambapo hapakuwa na serikali waliyoitambua. Kabla ya kushuka, wanaume 41 walitia sahihi mapatano mafupi. Humo wanasema kwamba «kwa maandishi haya» wanaungana kuwa mwili mmoja wa kiraia mbele za Mungu. Angalia nguvu ya maneno hayo. Hati haitoi habari ya umoja uliokwisha kufanyika mahali pengine. Umoja unafanyika ndani ya hati, kwa sahihi zile. Mwishoni wanataja majina yao, mahali walipo na tarehe. Karatasi ya kwanza ilipotea, lakini maneno yake tunayo kwa sababu yalichapishwa mwaka 1622.

Hata barua za kawaida zilijitaja hivyo. Upande wa nje, baada ya jina la mpokeaji, watu waliandika neno moja tu: «these», yaani «haya». Maana yake: maandishi haya yafikishwe kwake.

Hati yenye meno

Mapatano ya watu wawili, kama kuuza shamba, yalianza kwa kusema: «This Indenture», lililofanywa siku fulani kati ya fulani na fulani. Neno hilo limetokana na jino. Mapatano yaliandikwa mara mbili katika ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno-meno kama msumeno. Kila mmoja alibaki na kipande chake. Ugomvi ukitokea, vipande viliwekwa pamoja: meno yakikutana, hati ni ya kweli, yasipokutana, kuna udanganyifu. Kwa hiyo hati ilipojitaja jina, ilikuwa pia inaonyesha namna ya kuichunguza.

Wosia nao ulijitaja. William Shakespeare aliandikisha wake mwaka 1616. Unaanza kwa jina la Mungu, kisha anautaja kuwa wosia wake wa mwisho. Una kurasa 3, na sahihi yake iko katika kila ukurasa. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa paraphe katika mikataba leo, ili mtu asichomoe ukurasa mmoja na kuingiza mwingine.

Kitabu kidogo na jina la mwandishi

Waandishi wa mambo ya Mungu walikuwa na namna yao. Mara nyingi waliita kazi yao «kitabu hiki kidogo», hata kilipokuwa kinene. Ulikuwa unyenyekevu, na pia desturi ya wakati ule.

Lakini William Tyndale anatuonyesha kwamba jambo hili si la adabu tu. Agano Jipya lake la Kiingereza la mwaka 1526 lilitoka bila jina lake. Mwaka 1528 alitoa kitabu kingine chenye jina lake, na katika maneno ya mwanzo akaeleza sababu. Zamani alifuata shauri la Kristo la kutenda mema kwa siri. Sasa aliona ni lazima kazi yake itofautishwe na ya mtu mwingine.

Mwaka 1534 George Joye alitoa tafsiri ileile ya Tyndale akiwa ameibadilisha, bila kuweka jina lake mwenyewe. Mahali pengi palipoandikwa ufufuo, aliweka maneno yenye maana ya uzima baada ya maisha haya. Tyndale hakumkataza mtu yeyote kutafsiri au kusahihisha. Alidai jambo moja: anayebadilisha aweke jina lake, aiite kazi yake. Asiingize mawazo yake chini ya kazi ya mwingine, kwa maana waamini watashindwa kujua wanamsikiliza nani. Mafundisho juu ya ufufuo si jambo dogo. Miaka 2 baadaye, mwaka 1536, Tyndale aliuawa kwa ajili ya imani na kazi yake.

John Bunyan, aliyekaa gerezani karibu miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, alianza «Safari ya Msafiri» (1678) kwa mashairi ya kukitetea kitabu chenyewe. Anaeleza kwamba alikuwa anaandika kitabu kingine, na hiki kikamjia katikati. Sehemu ya pili, ya mwaka 1684, anaiagiza kama mtoto anayetumwa safari: nenda, bisha hodi, na wakikuuliza umetoka kwa nani, jibu hivi.

Biblia ilitangulia

Waandishi hawa walikuwa wasomaji wa Biblia. Luka anapoanza Matendo, anakitaja kitabu chake cha kwanza. Yohana, mwishoni mwa sura ya 20, anaeleza kitabu chake kimeandikwa kwa kusudi gani. Katika Warumi 16:22 Tertio, aliyeshika kalamu, anajitokeza na kusalimu. Katika Filemoni 19 Paulo anaandika kwa mkono wake ahadi ya kulipa deni: barua imegeuka kuwa hati ya deni.

Katika Wagalatia 6:11 tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaeleweka kana kwamba Paulo anasema barua yake ni ndefu. Kigiriki kinasema juu ya herufi kubwa, na Biblia yetu ya Kiswahili imefuata hivyo. Katika Kiingereza neno moja, «letter», ni barua na pia ni herufi. Paulo hakuwa anasifu urefu wa barua. Alikuwa anawaonyesha mkono wake, ili waujue.

Kwa nini waujue? Kwa sababu barua za uongo zilikuwapo. Katika 2 Wathesalonike 2:2 anawaonya wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kuwa yake. Katika 3:17 anawaonyesha alama: salamu kwa mkono wake mwenyewe.

Na sisi?

Leo ujumbe unazunguka katika simu zetu ukisema «mchungaji amesema» au «viongozi wametangaza», bila jina, bila tarehe, bila mahali. Watu wanahama kijiji kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo. Wengine wanagombana na ndugu zao. Na vita vinapotufukuza, tunabeba watoto na godoro. Kabati la ofisi linabaki. Kesho yake mtu anakuja na karatasi, anadai kiwanja cha kanisa ni chake.

Basi, makatibu na wazee wa kanisa, tujifunze kwa hawa wa kale:

1. Hati iseme yenyewe ni kitu gani: ni barua, ni PV, ni mapatano, ni ushuhuda?
2. Itaje nani anasema, kwa nani, wapi na tarehe gani.
3. Kurasa zihesabiwe, na kila ukurasa utiwe sahihi.
4. Nakala zikae mahali pawili au zaidi, mbali mbali, kama vipande vile vya hati yenye meno.
5. Anayebadilisha maneno ya mwingine aseme wazi kwamba ni yeye aliyebadilisha.
6. Ujumbe usiojitaja umetoka kwa nani, usiutume mbele.

Katika 2 Wakorintho 3 Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wao wenyewe ndio barua yake, inayosomwa na watu wote. Barua hiyo nayo inajitaja: jirani akikutazama, anaona mkono wa nani? Bwana atusaidie ili mkono wake uonekane.